Unatumia kiti mwendo Tanga? Pesa ya ramani ianzie hapa

Wengi wakitaka ramani ya simu iwaongoze njia hukimbilia simu mpya. Mimi nasema anza na kishikio cha kufungia simu kwenye kiti, kwa sababu mikono yetu yote miwili iko kwenye magurudumu. Simu ya mapajani, kiti kikiruka jiwe moja tu, iko chini.

Namba moja: kishikio. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo ulizia kwa wauza vipuri vya baiskeli. Chukua kile cha kukaza kwa skrubu, chenye mpira ndani, kinachoishika simu kona zote nne. Nenda na kiti chako, ukijaribishe kwenye bomba la pale unapoegemeza mkono, na ukifunge upande wa ndani. Changu cha kwanza nilikifunga nje, nikasahau kwamba nimeongeza upana wa kiti. Kilisaga mlango wa duka la dawa kikapasuka, simu nikaidakia gotini. Vya sumaku viache kabisa, maana sumaku huvuruga dira ya simu, ile inayojua umetazama upande gani.

Namba mbili: simu yenye dira. Simu nyingi za bei nafuu zina GPS ya kujua ulipo, lakini dira hazina. GPS inakuonyesha unakoelekea ukiwa kwenye mwendo. Ukisimama, haijui umetazama wapi. Mwenye kutembea akikosea hatua kumi hurudi tu. Sisi hatua kumi za mchanga ni jasho na mabega. Kabla hujalipa, toka nje ya duka, fungua ramani, zungusha kiti hapohapo. Ule mwanga wa bluu kwenye alama ya ulipo ukizunguka nawe, lipa. Hapohapo tazama kama kioo kinasomeka juani.

Namba tatu: pawabenki ya 10,000 mAh. Haitajaza simu yenye betri ya 5,000 mara mbili, kwani umeme mwingine hupotea njiani, lakini siku nzima utamaliza. Nunua waya mfupi. Mrefu hunasa kwenye spoki.

Programu zenyewe ni za bure, ila hazilingani.

Ninayoitegemea ni Organic Maps. Unashusha ramani mara moja ukiwa na bando, baada ya hapo inakuongoza bila intaneti, na unaweka alama zako na maelezo yako. Google Maps naiweka ya pili. Ina namba za simu za maduka, na zile picha za mlango wanazopiga wateja hukuonyesha ngazi kabla hujatoka nyumbani. Njia zake za kiti mwendo zilianza 2018 kwa usafiri wa umma wa miji kama London na Tokyo. Hapa Tanga, mtaani Ngamiani, utapewa njia ya mwenda kwa miguu. Wheelmap, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2010, hupaka mahali rangi: kijani panaingilika, nyekundu hapaingiliki, kijivu hakuna aliyejibu. Ukikuta kijivu mahali unapopajua, jibu wewe.

Ngamiani barabara zina namba, kujua uko ya ngapi si kazi. Kazi ni ule mtaro kati ya barabara na baraza, na hilo hakuna ramani iliyoniambia. Kwa hiyo naandika mwenyewe: "mfuniko umevunjika, vuka kwa muuza mkaa"; "mvua ikinyesha usipite"; "baraza fupi, kijana wa dukani hupandisha kiti". Alama zote hizo Organic Maps huzitoa kama faili moja, ukamtumia mwenzako kwa WhatsApp.