Mtumbwi wa mdomo wa mto Simiyu, nyota nne (ya tano nitawaambia ilipozama)

Jumamosi nilienda Magu na wifi yangu kufanya ile safari ya mtumbwi pale mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, wanaoendesha ni vijana wavuvi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, jina siwataji mtaona kwa nini. Kutoka Mwanza unapanda gari za Musoma unashuka Magu halafu boda, na hiyo boda ndo iliniumiza kiuno kuliko yote.

Elfu 15 kwa kichwa, mnazunguka kama masaa mawili. Viboko hatukuona hata mmoja kwahiyo msiende kwa ajili hiyo. Ila aisee hela yangu niliiona pale walipozima injini. Nahodha ni mzee, tulikuwa tunamwita babu, akachukua upondo akatupenyeza kichochoro katikati ya mafunjo, tukasikia mlio kama mtu anamalizia soda kwa mrija, kumbe samaki kamongo amekuja juu kuvuta hewa! Babu akasema sato wadogo na furu wanajificha humu humu, sangara hapendi kuingia.

Halafu akatwambia angalieni maji. Kule mtoni yalikuwa chai ya maziwa kabisa, huku ndani yamechuja yamekuwa chai ya rangi. Akang'oa shina moja la funjo, mizizi imejaa tope laini kama uji wa ulezi, akasema "wajukuu zangu, hili ni shamba la mtu wa Bariadi hili." Wifi akacheka sana, mi nilishindwa maana ndo ukweli, huko juu ni pamba na ng'ombe, mvua ikipiga udongo wote unashuka na mbolea yake, na kinachoupunguza kabla haujafika ziwani ni haya haya mafunjo ambayo watu wanachoma wapate pa kulima mpunga. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni, sisi tuliona matuta ya nyanya yamegusa maji kabisa yani mtu anamwagilia amekaa.

Sasa ile nyota. Tulikuwa watano, maboya ya kuvaa matatu, moja zipu imekufa. Nikasema haya. Tunarudi, dogo wa injini kamaliza maji yake akarusha chupa majini, hapo hapo, baada ya somo lote lile! Babu hakusema neno, akageuza mtumbwi, akaivuta chupa kwa upondo akamwekea dogo mapajani ikiwa inachuruzika.

Ugali wa udaga (muhogo) na sato wa kuchemsha mwaloni, elfu 7, safi. Nendeni asubuhi saa moja kabla upepo haujaamka, ombeni babu mwenyewe ndo awapeleke, na kama unalo boya lako beba.