TAHADHARI: Spea za matrekta yaliyoungua zinauzwa Arusha kama mtumba safi wa Uingereza

Ndugu zangu wakulima na wenye matrekta wa Arusha, Moshi, Karatu hadi Babati, naomba msome hii yote, hasa wewe unayejiandaa na kilimo cha masika. Kuna muuzaji wa spea upande wa Unga Limited anayechinja matrekta yaliyoungua moto, anasafisha vipande vyake na kuviuza kama mtumba mzuri wa kutoka nje. Mimi ameniuzia. Jina lake siliandiki kwa sababu shauri liko polisi, ila namna anavyofanya nitaieleza yote.

Nina Massey Ferguson 290 ninayolimia watu Kahe na vijiji vya jirani. Mwishoni mwa Januari gia ya pili ilianza kuchomoka yenyewe. Fundi akafungua, akasema tutafute shafti ya juu ya giaboksi pamoja na gia zake. Mpya ilinishinda bei. Dalali mmoja akanipeleka kwa huyo bwana, tukakaribishwa viti na soda. "Mangi, hii imeshuka na kontena wiki iliyopita. Trekta lenyewe huko Uingereza lilikuwa linakata majani tu." Mzigo ulikuwa umepakwa grisi mpya kila mahali, unateleza mkononi kama samaki. Nikalipa milioni moja na laki nane kwa simu, kwenye namba yenye jina la mtu mwingine, bila risiti. Hapo nilikosea, na nalisema wazi ili mwingine asipite njia hiyohiyo.

Trekta lililima siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili likaanza kutoa mlio kama linasaga kokoto, na tulipomwaga oili ya giaboksi ilitoka inang'aa kama imechanganywa na rangi ya fedha. Meno ya gia hayakuvunjika. Yalikuwa yamelala, kingo zimebonyea kuelekea upande mmoja.

Fundi wangu ni mzee aliyekulia kwenye mashamba ya ngano kule Hanang. Hakusema neno. Alichukua tupa mpya, kile chuma chenye meno cha kusugulia chuma kingine, akaipitisha kwenye jino la gia yangu ya zamani, ile iliyolika. Tupa iliteleza, ikalia kwa sauti nyembamba, haikuacha alama. Kisha akaipitisha kwenye gia niliyonunua. Ikang'ata. Akanionyesha unga wa chuma kwenye kiganja chake. "Hiki chuma kimepikwa," akasema. Akafuta grisi kwenye mifereji ya shafti kwa kitambaa chenye dizeli, na huko ndani, mahali ambapo msasa haukufika, kulikuwa na rangi ya bluu na zambarau, kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi la maji.

Alivyonieleza ndivyo nami ninavyowaeleza. Gia hupewa ugumu wake kiwandani kwa moto unaopimwa. Ikija kupata joto linalopita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ugumu unaanza kushuka, na haurudi kwa kupoa. Rangi ya bluu kwenye chuma kilichong'arishwa maana yake joto lilikaribia nyuzi 300. Trekta likiwaka, na dizeli na matairi vikashika, nyuzi 600 hupitwa kwa urahisi. Gia inabaki na umbo lake, meno yote yapo, vipimo vyote sawa, lakini ndani imelegea. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi.

Niliporudi kudai, yule bwana hakuwepo. Vijana wake walikuwa uani, na turubai moja lilikuwa limefunuliwa na upepo. Chini yake nikaona mifupa ya trekta. Kiti kimebaki springi tupu, usukani umebaki waya wa duara, na juu ya eksel ya mbele alumini imeganda kwa matone kama nta ya mshumaa. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Nilipiga picha mbili kabla sijatolewa nje. Jioni akanipigia: "Ulinunua mtumba, mtumba hauna garantii." Tangu siku hiyo simu yangu haipokelewi. Mkulima mwenzangu wa Usa River alinunua hapohapo pampu ya haidroliki, ikainua jembe wiki moja tu ikafa. Tuliifungua pamoja: rangi ileile ya bluu.

Sisemi kila kitu kilichotoka kwenye trekta lililoungua ni cha kutupa. Trekta huungua sana wakati wa mavuno, makapi makavu yakijikusanya kwenye ekzosi au waya zikigusana, na mara nyingi moto unaanzia upande mmoja na kupanda juu. Vizito vya mbele, drobaa (chuma cha nyuma cha kuvutia tela) na rimu zisizopinda vinaweza kufaa. Hata gia za chini, za ndani ya difu, kama oili haikukauka na kasha halikuungua, huwa zimepona. Ninachokataa ni kufichwa. Ukiambiwa ukweli utachagua na utapatana bei. Lakini beringi, springi za valvu, ringi za pistoni, gia, pampu ya dizeli na pampu ya haidroliki zilizopata moto, mimi sizitaki hata za bure. Silinda hedi na bloku nazo ni hatari, kwa sababu watu humwagia maji wakati moto bado ni mkali, na chuma cha kusubu, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu, kinapata nyufa za unywele usizoziona.

Mafundi, hili ni lenu, tafadhali. Baadhi ya oili sili za injini, zile pete za kuzuia oili isivuje, hutengenezwa kwa raba ya aina ya Viton. Raba hiyo ikiungua sana inaacha masizi meusi ya kunata yenye asidi kali inayopenya ngozi na kula hadi mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Usiguse masizi ya sili iliyoungua kwa mkono mtupu. Vaa glavu nzito, osha kipande kwa maji ya chokaa. Ikikugusa, jioshe kwa maji mengi na uende hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari ni asidi ya raba iliyoungua. Vijana wa uani pale nimewaona wakichokonoa sili kwa vidole. Hilo linaniuma kuliko pesa yangu.

Ukienda kununua, nenda na fundi wako mwenyewe na tupa mpya mfukoni. Muuzaji akikataa upitishe tupa sehemu isiyofanya kazi, ondoka. Futa grisi yote, chungulia ndani ya matundu ya bolti na chini ya kibati cha namba: rangi ya kupuliza haifiki huko, masizi yanabaki. Angalia kama kibati chenyewe kimeng'olewa. Nusa pia, raba iliyoungua haifichiki haraka. Dai risiti ya mashine, na iandikwe kuwa kipande hakijapata moto. Lipa kwa namba ya biashara, siyo ya shemeji yake.

Kama umenunua shafti, gia au pampu upande ule tangu Desemba, fungua ukague kabla mvua hazijashika, na uniandikie ujumbe ili tupeleke malalamiko kwa pamoja. Gia yangu nimeitunza na grisi imefutwa. Mwenye tupa aje Kahe aipime.