Miaka miwili na Stihl MS 381 kwenye misindano (miti ya paini) ya Mufindi: uzoefu wangu

Nilichoka kukodi chenso (misumeno ya injini) za watu. Unaikuta cheni butu, kikinga mkono cha mbele kimefungwa kwa mpira wa baiskeli ili breki "isisumbue", na jioni mwenyewe anataka hela yake yote. Nikajikusanya, nikanunua MS 381 pale Mafinga. Kazi yangu ni kuangusha misindano ya wanakijiji na kukata magogo ya mashine za ding-dong (zile ndogo za kupasua mbao), na mara mojamoja milingoti.

Nguvu ipo. Injini ni cc 72.2, kilowati 3.9, na msindano wa sentimita 40 unaukata kama muhogo. Uzito nao upo: zaidi ya kilo 6 kabla hujafunga baa (ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) na cheni yenyewe wala kutia mafuta. Kwa kuangusha ni sawa kabisa. Kwa kupunguza matawi kutwa nzima, tafuta ndogo.

Muuzaji aliniwashia dukani akiwa ameining'iniza mkono mmoja, akavuta kamba hewani, ikanguruma, nikalipa. Nilipoulizia suruali ya kujikinga akacheka: "Hiyo ya wazungu wa kampuni." Nikaenda zangu na jinzi, na kwa miezi minne nikawa nawasha vilevile alivyowasha yeye.

Siku moja nilikuwa nakata matawi ya mti ulioanguka. Ncha ya baa, upande wa juu, ikagusa tawi la gogo jingine nisilolionea kwenye majani. Msumeno ukapiga teke kuja usoni, haraka kuliko ninavyoweza kueleza. Mkono wangu wa kushoto ukagonga kikinga cha mbele, breki ikafunga, cheni ikasimama. Nilikaa juu ya lile gogo muda mrefu. Kijana ninayefanya naye kazi aliniletea maji bila kuulizwa. Kilichonijia kichwani ni ule mpira wa baiskeli.

Baada ya hapo nikaenda kwenye mafunzo ya siku tatu, mimi niliyekuwa nimeshaangusha miti isiyo na idadi. Jambo la kwanza lilikuwa aibu tupu: kuwasha. Mashine chini, breki imefungwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika wa mbele, ndipo uvute kamba. Kisha bawaba. Zamani nilikuwa nakata mpaka nisikie mti unalia, halafu nakimbia. Sasa kwa mti wa sentimita 40 nafungua mdomo (pengo la umbo la kabari) wa kina cha kama sentimita 10 upande unakoelekea kuanguka, na mkato wa nyuma nauleta juu kidogo ya sakafu ya mdomo, nikiacha sentimita 4 hivi za mbao zisizokatwa. Hizo ndizo bawaba, zinazouongoza mti. Ukizimaliza, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Njia ya kukimbilia naisafisha kabla ya kugusa mti, nayo inakwenda nyuma kwa mshazari, kwa sababu nyuma moja kwa moja ndiko shina linakorukia. Na mti wa mita 20 unataka mwenzako awe mita 50 au zaidi. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana watoto na mbwa wa kijiji hawana habari na mita.

Matunzo hayana mengi. Kwa oili ya 2T ya Stihl wenyewe, lita 5 za petroli zinachukua mililita 100. Cheni naipiga tupa ya milimita 5.2 kila ninapojaza tangi, kwa sababu cheni butu inakulazimisha kusukuma, na ukisukuma umechoka, na ukichoka ndipo teke linapokuja. Oili chafu ya gari kwenye cheni niliacha. Cheni ya bei ya chee niliyouziwa na duka lilelile ilikatika wiki ya pili. Kishika-cheni chini ya baa kiliizuia, vinginevyo ingenichapa mkono.

Suruali nimeshanunua. Bei iliniuma, joto lake linaniuma zaidi, ingawa asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala mpaka saa nne, naishukuru.

Mashine naipa nyota tano. Duka nalipa moja, nayo ni ya risiti.