TAHADHARI: Seti ya waya za pikipiki inayouzwa kama shaba tupu

Wakuu, kama unajijengea pikipiki na unatafuta seti kamili ya waya, soma hapa kabla hujatuma hela.

Kuna muuzaji mtandaoni anauza seti za pikipiki zilizobadilishwa umbo: roli za waya wa milimita za mraba 2.5, kebo nene ya hasi, soketi na fyuzi. Kwenye tangazo kaandika "shaba tupu". Nikanunua, nikasuka waya zote upya kutoka betri hadi taa ya nyuma, nikazifunga tepu safi kabisa. Wiki mbili ikatembea bila neno.

Halafu visa vikaanza. Asubuhi inawaka, injini ikishapata moto inakatakata. Nikiwasha taa kubwa, inamisi. Mara stata inagonga tak tak tu, haizungushi. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikaazima betri nyingine. Vyote nilivishuku isipokuwa waya, maana ndiyo kwanza nimezifunga kwa mikono yangu.

Mita ndiyo iliyonifumbua macho. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Nikibonyeza stata, kwenye vichwa vya betri zinabaki 11.2, lakini kwenye soketi ya CDI (kile kiboksi kinachopeleka umeme wa cheche kwenye koili) zinafika 7.9 tu! CDI hii inakula umeme wa betri, kwa hiyo cheche zinatoka wapi? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya unaoingia CDI, nikabonyeza stata: volti 1.8 zinapotelea njiani. Upande wa hasi, kati ya betri na fremu, 1.5. Kwa waya mzima ningetegemea chini ya nusu volti kila upande.

Nikachukua kisu nikakwangua waya. Ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na kwenye maungio inafanya utando usiopitisha umeme. Vichwa nilivyobana vilikuwa vimelegea, na ganda la waya karibu na soketi ya fyuzi limeyeyuka. Fyuzi ya ampea 15 iko nzima, eti! Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu juu yake kuna tangi la petroli.

Muuzaji nilipomtumia picha alisema fundi wangu hajui kazi (fundi ni mimi). Kesho yake akataka nilipie usafiri wa seti nyingine. Nilipokataa akanibloki. Sasa yupo kwa jina jipya, picha zilezile za roli nyekundu juu ya taulo la mistari.

Ukikutana naye, au mwingine wa aina yake, mwambie apime roli kwenye mizani na akutumie picha. Mita 10 za shaba ya 2.5 zina gramu kama 220 za shaba peke yake, bado ganda. Ya alumini iliyopakwa shaba, bila ganda, haifiki hata nusu ya hapo. Mwambie pia akwangue ncha mbele ya kamera. Sumaku msihangaike nayo, haishiki shaba wala alumini.

Mimi nimezing'oa zote na kusuka upya kwa shaba ya kweli. Upotevu sasa ni volti 0.2, na ile koili ya zamani niliyoitupa ilikuwa nzima kabisa.