Bunduki ya rangi iliyomtemea maji mjusi wangu

Msinunue. Naanza na hilo kabisa, maana nikishaanza kusimulia nitajikuta naisifu, na yule bwana aliyeniuzia hastahili.

Nipo Lindi, Rahaleo, namtengeneza mfano wa mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria mkubwa wa kilima cha huku kwetu. Huyu huyu wetu, Wajerumani walimfukua kati ya 1909 na 1913, wapagazi wa huku wakaibeba mifupa vichwani hadi Lindi mjini, na leo amesimama Berlin, kimo mita 13.27. Wangu ni wa kipimo cha 1:35, kichwa kinafika kama sentimita 38 kutoka mezani. Mbao, filla (ile lipu ya kuziba na kulainisha), msasa, miezi na miezi. Brashi ya mkono ilimwachia michirizi kila mahali, ndipo nikaagiza bunduki ndogo ya kupulizia rangi ya akriliki, ya sindano ya milimita 0.3, pamoja na kompresa yake, kutoka duka moja Kariakoo. Ikaja na basi.

Mwanzoni nilihangaika, lakini huko ni kujifunza, siilaumu. Rangi ikiwa nzito inakaukia kwenye ncha ya sindano. Ikiwa nyepesi mno inatambaa kama miguu ya buibui. Ukishaifanya kama maziwa, upepo ukiwa kati ya 15 na 20 psi (kipimo cha msukumo wa hewa), kidole kikabonyeza upepo kwanza ndipo kikavuta rangi nyuma kidogo kidogo, aisee! Kijivu kilishuka kutoka mgongoni kikafifia tumboni, huoni kilipoishia.

Halafu ikaja shingo. Jioni moja, masika yametoka kuisha, nimepuliza muda mrefu bila kupumzika, bunduki ikakohoa. Maji. Akriliki ni rangi ya maji na ile ilikuwa bado mbichi, kila tone likatoboa hadi kwenye filla. Kuanzia begani hadi tayani, shingo kama ya mgonjwa wa ndui. Kompresa inaisonga hewa yetu hii ya pwani yenye unyevu, inatoka ya moto, ikipoa ndani ya mpira wa kupitishia hewa unyevu wake unakuwa maji, ndiyo maana katikati hufungwa kichujio. Kwenye picha ya boksi kipo. Ndani ya boksi hakuna.

Nikampigia simu yule muuzaji, nikaanza na shikamoo, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima. Hata marahaba hakuitikia. "Hiyo watu wanapambia keki na kucha. Wewe unachezea midoli halafu unanisumbua?" Akakata.

Midoli! Mnyama aliyetoka ardhini kwetu!

Aliyeniokoa ni fundi wa gereji jirani. Akafungua kichujio cha kompresa yake, akakifunga kwangu kwa klipu: "Mwanangu, ukimaliza kazi fungua hapa chini, maji yatoke." Hakuchukua hata shilingi. Tangu siku hiyo halijatoka tone. Shingo nimeipiga msasa, nimeirudia, na bunduki, niseme kweli, inachora mstari mwembamba kama uzi. Kwa hela ile ni nzuri. Basi nunueni tu...

Hapana. Nikipitisha kidole chini ya taya kuna vishimo viwili ambavyo msasa haukuvimaliza, hasira inapanda upya. Tafuteni ya namna hiyo kwa mtu mwingine, na boksi lifunguliwe kabla hamjatoa hela.

Picha ya shingo nilimtumia yule muuzaji WhatsApp. Tiki za buluu zimeshatokea. Kimya mpaka leo.