Kitabu cha Vim kilichonizimia mishale

Nilinunua kitabu cha kujifunza Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa kibodi, kama miezi mitatu hivi imepita, bei yake sitaki hata kuikumbuka. Sura ya tatu ndo ilonimaliza. Mwandishi anakwambia zima mishale yote ya kibodi, bandika mistari hii minane kwenye .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, uzoee kutembea kwa herufi h j k l, yaani kushoto, chini, juu, kulia. Basi. Kwanini, hasemi. Kuirudisha vipi, hasemi. Mi nikafuata kama nilivyoambiwa, tena nikaweka na kwenye akaunti ya seva ya kazini ambayo tunaingia watu watatu.

Saa saba usiku simu inaita, mwenzangu wa zamu, huduma imelala, kafungua faili la konfigi (mipangilio) anabonyeza mshale wa chini kasa, ile alama ya mahali unapoandika, haisogei, anabonyeza tena haisogei, akajua kibodi imekufa, akaenda kutafuta kibodi nyingine. Kibodi nyingine jamani, usiku ule! "Kaka, umeifanya nini hii mashine?" Sikuwa na jibu. Angejua tu kuandika vim --clean faili lingefunguka bila konfigi yangu na mishale ingefanya kazi, ila hata mimi sikujua, kitabu hakikunambia.

Na sababu yenyewe ya h j k l nimekuja kuijua baadae kwingine kabisa. Bill Joy alipoandika vi, programu iliyoitangulia Vim, miaka ya 1970 alitumia terminali (skrini na kibodi ya kuongelea na kompyuta) ya ADM-3A, kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo H J K L. Sentensi mbili tu! Ukielezwa hivyo unaelewa unachofanya, hufuati amri kama mtoto.

Kingine kimeniuma. Ukifungua Vim tupu, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Mi mtu wa Bukoba, Rakai ya Uganda ni hapo tu ng'ambo ya mpaka, nikatafuta kitabu kizima hamna neno. Bram Moolenaar, alietoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, huko huko Rakai, mwaka 1994. Amefariki 2023. Andika :help uganda ndani ya Vim usome mwenyewe. Rangi za skrini zimepewa sura nzima, yeye hakupewa hata aya.

Nilikuwa niseme msikinunue. Ila ile sura ya saba... unaandika ci" inafuta kila kilichomo ndani ya alama za kunukuu unaweka kipya hapo hapo, unaenda mstari mwingine unabonyeza nukta inarudia yenyewe, na amekuelezea taratibu mpaka unaona ni lugha, kitendo halafu kitu. Nimeisoma mara nne. Kazi ya saa nzima sasa naimaliza kwa dakika kumi, siwezi kukataa, kwa sura hiyo pesa yangu imerudi.

Kinunueni basi, lakini anzeni na vimtutor, somo linalokuja na Vim yenyewe, ni bure na inachukua kama nusu saa. Na kama ushabandika ile mistari minane kwenye seva ya watu, ifute leo kabla zamu ya usiku haijaingia.