Shotigani ya mashindano kwa mtu wa Dodoma: ipi ununue, ipi uiache

Mwezi wa nane, upepo ukiwa umekaza, nilimpelekea fundi shotigani yangu iliyokuwa imeanza kugoma. Alitandika kipande cha kanga kuukuu mezani, akachomoa bolti, kile chuma cha ndani kinachofunga nyuma ya risasi, akaipangusa kwa kidole gumba na kunionyesha. Kidoleni palikuwa na kitu kama uji wa ulezi, kizito na chekundu. Yalikuwa mafuta niliyoyamimina kwa wingi, yakachanganyika na vumbi la barabara ya kwenda uwanjani.

"Kijana wangu," akasema, "bunduki hii haina ugonjwa. Umeilisha udongo."

"Shikamoo tena, mzee. Si niliambiwa silaha inataka mafuta?"

"Inataka. Ila kidogo. Hapa ni Dodoma."

Tangu siku hiyo sichagui shotigani kwa jina lililochongwa ubavuni. Nauliza mambo mawili: itameza risasi ninazoweza kuzipata? Na nitaweza kuifungua mwenyewe, kuifuta na kuifunga kabla jua halijazama? Upangaji ulioko hapa chini umetoka katika maswali hayo.

Nazungumza na mwenye nia ya kushindana kwa silaha tatu, yaani raifo, bastola na shotigani. Afrika Kusini mchezo huu una wenyewe, na mtu wa huku akitaka kushindana kwa dhati hujipanga kusafiri. Mshindani hukimbia kutoka kituo hadi kituo huku saa ikihesabu, akiangusha vyuma na kupasua visahani vya udongo. Raifo na bastola unazibadilishia magazini mara moja, mchezo unaendelea. Shotigani nyingi hulishwa kwa mkono, kupitia tundu la chini, kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Sekunde nyingi humwagikia hapo. Ikigoma mara moja tu katikati ya kituo, mazoezi ya miezi mitatu yamekwenda na maji.

Kabla ya hela, kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kununua kwanza halafu akatafute karatasi. Anzia serikali ya mtaa au kijiji unapoishi, upande hadi polisi, na uwaeleze wazi kwamba unataka shotigani ya nusu otomatiki, kwa ajili ya mashindano. Jibu la aina hiyo kwa matumizi hayo ulipate kwa maandishi. Nimemwona mtu ameshalipia bunduki nzuri sana, kisha ikakaa kwa muuzaji karibu mwaka mzima kwa sababu maombi yake yalitaja aina nyingine. Ukipanga kusafiri nayo, vibali vya kuitoa nchini na kuiingiza unakokwenda navyo vianze mapema.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Nusu otomatiki zote hufanya kazi moja: ukifyatua, hutupa ganda na kupandisha risasi nyingine bila wewe kuvuta kitu. Nguvu ya kufanya hivyo huipata kwa njia mbili.

Ya kwanza ni gesi. Mtutu una vitundu vidogo, na baruti inapoungua sehemu ya gesi hupita humo, ikasukuma pistoni, pistoni ikasukuma bolti. Bunduki ya gesi huwa na teke laini zaidi, na iliyotengenezwa vizuri humeza risasi nyepesi na nzito bila kubagua. Malipo yake ni masizi, kwa hiyo lazima uifungue na kuisafisha.

Ya pili ni inesha. Ndani ya bolti kuna springi fupi, ngumu. Bunduki inaporudi nyuma kwa teke, bolti hubaki mahali pake kwa kitambo kidogo mno, springi ikabanwa, kisha ikajinyoosha na kuirusha bolti nyuma. Benelli, kampuni iliyoanzishwa Urbino, Italia, mwaka 1967, ndiyo iliyoupa mfumo huu sifa. Masizi karibu yote hutokea mdomoni mwa mtutu, ndani kunabaki safi. Lakini bunduki ya namna hii lazima irudi nyuma ndipo ifanye kazi. Ukiibebesha mzigo, kwa mfano kishikio cha risasi sita ubavuni na tochi mbele, uzito unaikalia na springi haibanwi vya kutosha. Ukiwa umejikunja nyuma ya kizuizi na kitako hakijakaa begani sawasawa, ni vilevile. Ukiweka na risasi dhaifu juu ya hayo, ganda litakwama mlangoni limesimama kama bomba la moshi.

Ndiyo maana nasema angalia risasi kwanza. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, usome ubavuni mwa boksi. Risasi ambayo marisau yake, zile punje za ndani, ni jumla ya gramu 24 ni nyepesi, 28 ndiyo ya kawaida kwa visahani na vyuma, 32 inapiga teke la kuridhisha na bunduki nyingi huipenda. Sisi wa huku hatuchagui sana. Leo kuna hili, mwezi ujao kuna lile. Anayeweza kupata aina moja tu mwaka mzima anunue bunduki yoyote inayoipenda aina hiyo. Sisi tunahitaji isiyochagua chakula.

Geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ni 12, tusipoteze muda hapo. Kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa namna hii, zinakubali kuanzia geji 20, ila risasi za 12 ndizo utakazozikuta.

Ya kwanza kwangu ni Beretta 1301 Competition. Ni ya gesi, na mfumo wake umejengwa kwa kasi kubwa, bolti inarudi kabla hujamaliza kuhamisha jicho. Nimeilisha gramu 28 na 32 nikizichanganya kwenye bomba moja, haikulalamika. Mkono wa bolti na kitufe cha kuiachia ni vikubwa tangu kiwandani, na hilo lina maana kwa mwenye vidole vyenye jasho na vumbi. Kasoro yake ni bei, na bomba lake la kiwandani ni fupi kwa mashindano, kwa hiyo utanunua kirefusho. Hakikisha kirefusho hicho kinakubalika kwenye leseni yako na kwenye daraja unaloshindania kabla hujakiagiza. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa ni Beretta haitaki kusafishwa. Pistoni ile itoe, uifute, kila unaporudi kutoka uwanjani.

Ya pili ni Benelli M2, na pengo kati yao ni dogo. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa mikononi mwa washindani wengi wakubwa. Ni nyepesi, inageuka upesi kutoka chuma hadi chuma, na kuifungua ni raha. Unatoa mtutu, unachomoa mkono wa bolti, bolti inateleza nje mkononi mwako, huhitaji bisibisi. Kwa mtu anayesafishia bunduki barazani huku upepo wa Dodoma ukipeperusha, vipande vichache ni neema kubwa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya lile suala la uzito na risasi nyepesi, na kwa jambo moja zaidi ambalo mnunuzi aambiwe mapema. Kichwa cha bolti yake huzunguka ili kujifunga. Ukiirudisha bolti polepole kwa mkono, kwa kuogopa kelele au kwa upole tu, kichwa kinaweza kisijifunge. Utavuta kifyatulio usikie "tak" kavu, saa inaendelea. Vumbi likiwa limekaa kwenye njia ya bolti, jambo hilo huja upesi zaidi. Iachie bolti ijipige yenyewe kwa nguvu zake zote, kisha isukume mkono wake mbele kwa kiganja kuhakikisha.

Mossberg 940 JM Pro naiweka ya tatu, na kwa asiye na fundi karibu ningeifikiria hata ya pili. Ilitoka mwaka 2020, na herufi JM ni za Jerry Miculek, mpigaji shabaha maarufu wa Marekani aliyeshirikiana nao. Ni ya gesi. Inatoka kiwandani tayari kwa mashindano: tundu la kupakia limeshapanuliwa, bomba linabeba risasi 9, na moja hukaa chumbani, yaani nyuma ya mtutu. Ni nzito kidogo, kama kilo 3.5, na uzito huo unalipunguza teke, ingawa ifikapo kituo cha tano mkono wa kushoto unaanza kudai. Jirani yake wa zamani, 930, bado anauzwa kwa mkono wa pili kwa bei ya kuvutia. Huyo alitaka kusafishwa mara nyingi zaidi. Kampuni ilipounda 940 ililenga ipige hadi risasi 1,500 kabla ya kusafishwa. Kwa vumbi letu usiifikishe huko.

Ya nne, Stoeger M3000. Inatengenezwa Uturuki, inatumia inesha, na kampuni yake iko kwenye familia moja na Benelli chini ya Beretta. Bei yake ni chini ya nusu ya M2. Ikiwa mpya huwa kavu na ngumu. Maboksi ya kwanza yalishe gramu 32 au zaidi mpaka vyuma vizoeane. Kingo za tundu la kupakia ni kali, zitakuchana kidole gumba ukijifunza kupakia risasi nne kwa mpigo, hivyo fundi azilainishe. Naipenda kwa sababu moja kubwa: mwenye bajeti ya bunduki moja ghali bila risasi za mazoezi hatajifunza kitu. Achukue hii, hela inayobaki iende kwenye risasi na nauli.

Benelli M4 niiache nje, ingawa najua wengi wanaipenda kwa sura na kwa sababu wanajeshi wa Marine wa Marekani wanaitumia kwa jina la M1014. Ni imara kweli. Lakini ni nzito na ghali, na ilijengwa kwa kazi nyingine kabisa. Ukiinunua kwa mashindano utalipia vitu usivyovihitaji, kisha ulipe tena kuibadilisha.

Mtutu wa inchi 21 hadi 24 unatosha. Choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, anza na iliyofunguka, ile inayoandikwa IC. Kwa vyuma vya mbali ongeza kidogo.

Kitako kinahitaji uangalifu kuliko rangi na mapambo yote. Simama, funga macho, inua bunduki tupu iliyokaguliwa, ikiwa imeelekezwa upande salama. Fungua macho. Kama unaona mgongo wa mtutu umenyooka na kidoti cha mbele kimekaa katikati bila kusogeza shingo, kitako kinakufaa. Kama jicho limeangukia pembeni, usijidanganye kwamba utazoea.

Kisha ipakie kwa risasi bandia mbele ya muuzaji, mara ishirini, kwa mkono utakaoutumia siku ya mashindano. Tundu likibana kidole utalijua ifikapo mara ya kumi na mbili.

Ya mkono wa pili nayo si dhambi. Toa bolti, angalia kama springi imepinda, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la risasi. Kikitoka chekundu cha kutu, siyo chekundu cha vumbi letu, rudisha mezani. Muuzaji mwaminifu atakubali mpige naye maboksi manne, risasi 100, kwenye uwanja ulioruhusiwa, zikiwa za aina mbili au tatu utakazozipata kwako. Ikikwama mara moja, mtafute mwenye kosa kati ya bunduki, risasi na bega lako. Ikikwama mara ya pili kwa risasi ileile, iache. Ikipita, soma namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, ulinganishe na ile iliyoko kwenye karatasi za muuzaji na kwenye kibali chako, kisha ndipo utoe pesa.